X-Trail T32 au Forester SJ: jinsi ya kuamua kabla hujatoa hela

Watu wengi wakishapiga hesabu ya hela waliyonayo wanajikuta wamebaki na gari mbili tu kwenye mawazo, Nissan X-Trail na Subaru Forester, zote used, miaka inakaribiana, bei hazipishani sana, na hapo ndo mabishano yanapoanza. Mmoja anakwambia Subaru inakunywa mafuta, mwingine anakwambia gia boksi ya Nissan haidumu, wa tatu anakwambia chukua ile yenye rangi nzuri uondoke. Majibu mengi ni ya ushabiki, na mtu anayetoa akiba yake ya miaka anastahili kuambiwa kitu cha maana, ndo maana naandika hii kwa kirefu.

Nazungumzia X-Trail ya bodi T32, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwisho wa 2013, na Forester ya bodi SJ iliyoanza mwisho wa 2012 ikaenda mpaka 2018. Ukishuka nyuma ya hapo hadithi inabadilika, hasa kwa Forester za zamani zenye injini za EJ, zile zina taiming belti na EJ25 ina historia yake ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. SJ zina injini ya FB, inatumia cheni, kwa hiyo mtu akikutisha na stori za belti na gasketi muulize kwanza anaongelea Forester ipi.

Nguvu siyo hoja

Tuanze kwa kuondoa hili mezani. Forester ya 2.0 isiyo na turbo ina farasi 148, X-Trail ya 2.0 ina farasi 147. Toki, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm 196 kwa Forester na 207 kwa X-Trail. Tangi zote lita 60. Zote zilipata nyota 5 kwenye majaribio ya ajali ya Euro NCAP, Forester mwaka 2012 na X-Trail 2014. Mafuta nayo, namba za kiwandani za Japani zote zinacheza kwenye kilomita 15 mpaka 16 kwa lita, na barabarani hutazipata hizo, ukipata 10 mpaka 12 kwenye mchanganyiko wa mjini na safari ushukuru, foleni nzito itakushusha chini ya hapo kwenye gari yoyote kati ya hizi. Kwa hiyo yule anayekwambia usichukue moja kwa sababu ya mafuta, anakupotezea muda, tofauti ya mguu wa dereva ni kubwa kuliko tofauti ya gari.

Isipokuwa Forester XT, hiyo ndo ya turbo, injini FA20 yenye farasi 280, ni gari nyingine kabisa kwa matumizi na kwa matunzo, na inataka petroli ya oktani ya juu. Angalia hapa, watu wengi wamezoea kutambua turbo kwa lile tundu la hewa juu ya boneti, kwenye SJ halipo, XT haina tundu. Soma kadi ya modeli na mwambie fundi afungue boneti aangalie, usitegemee macho ya nje.

Sasa kama nguvu ni sawa, usalama ni sawa na mafuta karibu sawa, tofauti iko wapi? Iko kwenye namna nguvu inavyofika kwenye tairi, na kwenye historia ya gia boksi ya ile gari moja iliyosimama mbele yako. Hayo mawili ndo yanaamua, mengine ni mapambo.

Barabara yako inasemaje

Forester inasukuma tairi zote nne muda wote. Hakuna swichi ya kuzima, hakuna tairi mbili kwanza halafu nne, kwa kawaida mbele inapata karibu asilimia 60 na nyuma 40 na kompyuta inahamisha kadiri hali inavyobadilika. Injini yake ya boksa imelala, pistoni zinapigana kushoto na kulia badala ya kusimama wima, uzito unakaa chini, ndo maana ukiikata kona gari inatulia kuliko unavyotegemea kwa gari iliyoinuka hivyo. Na imeinuka kweli, uwazi wa chini ni milimita 220. Nyingi zina X-MODE, kitufe unachobonyeza ukiwa mwendo mdogo kwenye utelezi au mteremko, kinasaidia kubana tairi inayozunguka bure na kushusha gari polepole, ukifika kilomita 40 kwa saa kinajizima. Zile za daraja la chini kabisa hazina hicho kitufe, kwa hiyo kama unanunua Forester kwa ajili ya matope hakikisha kipo.

X-Trail inafikiri tofauti. Kwa kawaida ni gari ya tairi za mbele, za nyuma zinaitwa zikihitajika. Ile ya 4WD, yaani inayoweza kusukuma tairi zote nne, ina swichi ya kuzungusha yenye 2WD (tairi mbili), AUTO na LOCK. Ukiwa lami unaweza ukaiacha 2WD, ukifika kwenye vumbi au mvua unaweka AUTO, kwenye tope unaweka LOCK na ukiongeza mwendo inarudi AUTO yenyewe. Ni mfumo mzuri na unatosha watu wengi, ila ujue kwamba kuna X-Trail nyingi ambazo hazina 4WD kabisa, kwa nje zinafanana pacha, na wapo wauzaji wanaoandika 4WD kwenye tangazo kwa sababu tu gari imeinuka. Dawa ni rahisi: tafuta ile swichi karibu na gia, kisha piga goti uangalie chini, kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma na difu ya nyuma, hiyo ni ya tairi mbili, na bei yake ishuke ilingane na ukweli huo.

Sasa jiulize kwa uaminifu, ndani ya mwezi mmoja unakanyaga tope mara ngapi? Siyo unatamani kukanyaga, unakanyaga. Kama unaishi kwenye mlima, barabara ya kwenu mvua ikinyesha inageuka sabuni, au kazi yako inakupeleka vijijini, ile ya tairi nne muda wote inakupa utulivu ambao hautaufikiria mpaka siku unapouhitaji, huhitaji kukumbuka swichi yoyote. Kama maisha yako ni lami, shule, ofisi na sokoni, unabeba difu ya nyuma na mashine zake zote bila kazi, na kila kinachozunguka siku moja kitadai matengenezo.

Jambo moja la Forester ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: tairi zake nne lazima zilingane. Siyo saizi tu, hata kuchakaa. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6, kwa sababu tairi ndogo inazunguka haraka na kile klachi cha kugawa nguvu kinakuwa kinasuguana muda wote. Maana yake tairi moja ikipasuka wakati zingine zimeshakwisha nusu, unaweza ukalazimika kununua mbili au nne. X-Trail ya 4WD nayo haipendi tairi mchanganyiko, ila haina ukali wa Forester maana muda mwingi nyuma imelala. Kama wewe ni mtu wa kununua tairi moja moja kadiri hela inavyopatikana, liweke hili kwenye mizani mapema.

Gia boksi, hapa kaa utulie

Zote mbili kwa wingi zinakuja na CVT. Hazina gia za hatua, ndani kuna puli mbili zinazojibana na kujiachia, katikati mkanda wa chuma kwa Nissan na cheni kwa Subaru. Zinapendeza kuendesha mjini, zinabana mafuta, na zinakufa kwa sababu kuu mbili, joto na oili iliyochoka. Hii siyo stori ya Nissan peke yake kama watu wanavyosema. Kule Marekani, ambako X-Trail hii iliuzwa kwa jina la Rogue, Nissan waliongeza waranti ya CVT kwa gari za 2014 mpaka 2018 ikafika miezi 84 au maili 84,000, na Subaru nao waliongeza ya kwao kwa Forester za kuanzia 2014 ikafika miaka 10 au maili 100,000. Kampuni haiongezi waranti kwa ukarimu. Zote mbili zilikuwa na tatizo la kutosha kuwafanya wachukue hatua, ila ukiniuliza ni ipi ya kuiogopa zaidi nitasema ya X-Trail, hasa ikiwa imebeba mizigo mizito milimani na haijawahi kubadilishwa oili, ile ya Subaru inavumilia kidogo zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe imetembea kilomita ngapi. Muulize oili ya CVT ilibadilishwa lini, wapi na oili gani. Nissan inataka NS-3, Subaru inataka ya kwake ya Lineartronic, ndo jina la CVT yao, na ukisikia mtu ametia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, kwa sababu ilikuwa inafanana rangi, shukuru kwa muda wake uondoke. Akikwambia oili ya CVT haibadilishwi maisha yote, hajadanganya sana kwa maana vitabu vya baadhi ya nchi viliandika iwe ya kukaguliwa tu, lakini mafundi wanaozifungua hizi gia boksi kila siku watakwambia kwenye joto na foleni ibadilishwe kila kilomita 40,000 mpaka 60,000, na mimi nakaa upande wao.

Kuipima barabarani usikubali mzunguko wa dakika tano kuzunguka mtaa. CVT ikiwa ya baridi inaficha mengi. Omba uendeshe angalau nusu saa mpaka ipate joto kabisa, halafu tafuta barabara tulivu uende kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo kidogo sana. Kama gari inatetemeka, kama inasita na kujivuta kama mtu anayepanda ngazi gizani, hapo ndo ugonjwa unapoanzia. Panda mlima ukisikiliza mlio mwembamba wa kulia kama filimbi. Simama kwenye mteremko halafu rudi nyuma ukipanda, ikichelewa kuuma au ikishtuka kwa nguvu, andika. Kisha hata kama kila kitu ni safi, chomeka skana usome kompyuta ya gia boksi, siyo ya injini peke yake, maana mafundi wengi wanasoma injini wanasema iko salama. Kwenye Nissan kodi za P17F0 na P17F1 zinahusu ule mtetemeko wa CVT, ukizikuta usiingie kwenye mazungumzo ya kupunguziwa bei kidogo, gia boksi nzima iko hatarini.

Kwa Forester ongeza jaribio moja. Nenda uwanja mpana, kata usukani mpaka mwisho, zungusha gari polepole duara kamili kushoto halafu kulia. Gari isiyo na tatizo inazunguka laini. Ikiwa inabana, inarukaruka au inasikika kama imeshikwa breki, ama tairi hazilingani ama kile klachi cha kugawa nguvu kimechoka.

Injini

Boksa ya Forester ni injini nzuri lakini inataka mwenye nidhamu. FB za mwanzo zilikuwa na malalamiko ya kula oili mpaka kesi ikafunguliwa Marekani, na kwa baadhi ya injini hizi oili hupenda kuvuja pembeni, kwenye maungio ya sehemu zinazobeba kamshafti. Pasha injini, zima, subiri dakika kadhaa kwenye eneo tambarare, chomoa kijiti cha oili mwenyewe. Ikiwa chini ya alama na muuzaji anasema sevisi imefanyika juzi, unajua tayari unaongea na nani. Ingia chini na tochi uangalie pande zote mbili za injini, na unuse, oili inayodondokea kwenye ekzosi inatoa harufu ya kuungua gari ikisimama baada ya safari. Nyingi za SJ zinatumia oili nyepesi ya 0W-20, soma kitabu cha ile gari. Plagi ziko ubavuni karibu na bodi, kwa hiyo kazi ya kubadilisha inachukua muda zaidi na fundi atakutoza muda huo, na fundi asiyezoea boksa asiguse.

Injini ya X-Trail, MR20DD, imesimama wima kama injini nyingi, fundi yeyote mwenye akili anaijua, na hili kwangu ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa sababu gari inayotengenezeka popote ina thamani siku imekufia mbali na mjini. Ina cheni pia. Kasoro yake ni kwamba inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hakuna petroli inayopita kwenye valvu za kuingiza hewa kuziosha, kwa hiyo masizi yanajikusanya pale taratibu, na gari yenye kilomita nyingi inaweza ikaanza kutetema ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kutembea, au kuchelewa kuitika. Kuna dawa ya kusafisha na kuna mafundi wanaosafisha kwa mkono, siyo mwisho wa dunia, ila ukisikia sailensa haitulii usikubali kuambiwa ni plagi tu. Forester ya 2.0 isiyo turbo ya SJ inapuliza petroli nje ya silinda kwa mtindo wa zamani, shida hiyo haina.

X-Trail Hybrid ipo, ilianza 2015, inapunguza mafuta kweli, lakini betri ya gari iliyokwishatembea miaka hiyo yote ni swali linalohitaji kipimo cha betri chenye namba, siyo neno la muuzaji. Bila kipimo ningeiacha.

Ndani ya gari na nani anakaa

Hapa X-Trail ina hoja ambayo Forester haina jibu: viti 7. Siyo zote, kuna za viti 5 na za 7, ila ukipata ya 7 ile safu ya tatu ni ya watoto, mtu mzima atakaa huko safari fupi tu magoti yakiwa kifuani, na ukiitumia buti linakwisha. Kwa familia yenye watoto wanne au inayobeba bibi na wajukuu mwisho wa wiki, mjadala umeisha, usijitese na boksa. Nyingi zilizouzwa Japani zina viti na sakafu ya buti isiyopitisha maji, ambayo mwenye watoto au mwenye kazi za shamba ataipenda kuliko ngozi.

Forester ina viti 5 basi. Inachokupa ni madirisha makubwa na nguzo nyembamba, unaona pande zote, kuipaki ni rahisi ajabu, na mtu mrefu anakaa nyuma bila kulalamika. Kwa dereva mgeni au anayeogopa gari ndefu ningempa Forester bila kufikiri, ina urefu wa mita 4.595 dhidi ya 4.640 za X-Trail, lakini kinachosaidia zaidi ni kuona. Kaa kwenye zote mbili siku moja, siyo kila moja wiki yake, kaa mbele na kaa nyuma, kama una kiti cha mtoto nenda nacho ukifunge, kama unabeba toroli au mashine nenda na vipimo vyake.

Skrini, bluetuthi, taa za rangi, vyote vinabadilishika kwa hela kidogo. Usiache gari nzima kwa sababu ya redio.

Siku ya kuikagua

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi. Gari iliyopashwa mapema inaweza kuwa inaficha mlio wa cheni au moshi wa asubuhi.

Kilomita usizisome kwenye dashibodi, zisome kwenye usukani, kwenye raba za pedali na ubavu wa kiti cha dereva. Gari inayosema 60,000 halafu pedali ya breki imelika mpaka chuma inajieleza yenyewe. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ubavuni, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, linganisha na stori unayopewa.

Kwa X-Trail inua kapeti upande wa miguu ya dereva uguse kama kuna unyevu. Mwanzoni mwa 2022 Nissan waliita Rogue za 2014 mpaka 2016 kule Marekani na Kanada, zaidi ya laki 7, kwa sababu maji na chumvi vikiingia pale vinaweza kuozesha konekta ya waya na ikaleta hatari ya moto. Gari iliyotoka nchi za theluji au iliyowahi kuingia mafuriko ndo ya kuangalia zaidi, lakini mkono chini ya kapeti haugharimu kitu.

Kwa Forester mwambie mtu asimame nyuma, wewe kanyaga breki mara nyingi, taratibu na kwa nguvu. Mwaka 2019 Subaru waliita gari zaidi ya milioni 2 duniani, Forester za bodi hii zikiwemo, kwa swichi ya taa za breki ambayo mvuke wa silikoni kutoka kwenye dawa za kusafishia na vitu vya namna hiyo unaweza kuiharibu, taa zikagoma na wakati mwingine gari ya kitufe ikakataa kuwaka. Swichi ni kitu kidogo, ila gari isiyowasha taa za breki usiku ni maisha ya watu.

Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza uone kama ina wito wa matengenezo ambao haujafanyika, pamoja na erbegi, na uombe ushahidi. Kama gari ilinunuliwa mnadani Japani omba karatasi halisi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari nzuri, R au RA maana yake imewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye ule mchoro wa gari A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. RA siyo lazima uikimbie, kuna RA zilizogongwa kidogo tu, ila isiuzwe kwa bei ya 4.5, na anayekataa kuonyesha karatasi huku anadai ni 4.5 amekujibu tayari.

Lipa fundi wako, siyo fundi aliyeitwa na muuzaji. Na kwa Forester awe anayeijua Subaru, kwa sababu fundi mzuri wa Nissan anaweza akapita juu ya uvujaji wa boksa asiuone.

Kuamua sasa

Ukishafika hapa uamuzi unakuwa mwepesi. Una watu zaidi ya watano, barabara yako ni ya lami kwa sehemu kubwa, unataka gari ambayo fundi wa jirani anaifungua bila kuogopa: X-Trail, na kama huhitaji 4WD chukua ya tairi mbili uweke tofauti ya hela kwenye sevisi. Unaendesha safari ndefu, milima, mvua, unapenda gari inayoshika barabara, na wewe ni mtu wa kuangalia oili kila wiki na kununua tairi kwa seti: Forester 2.0 isiyo turbo, na mimi moyo wangu uko huku. Lakini ukikuta X-Trail yenye risiti za sevisi zote, oili ya CVT imebadilishwa, skana safi, karibu na Forester nzuri kwa macho isiyo na karatasi hata moja, chukua X-Trail hata kama wewe ni shabiki wa Subaru wa kufa na kuzikana, na kinyume chake pia.

Kabla ya kusaini, tembelea maduka mawili matatu ya spea unakoishi uulize pedi za breki, shokapu, bushi za chini na bearingi za tairi za hizo gari mbili, zipo au zinaagizwa, na zikiagizwa zinachukua siku ngapi. Piga simu ya bima upate bei ya zote mbili. Usimalize hela yote kwenye kununua, bakiza kama sehemu moja ya kumi ya bei ya gari, kwa sababu wiki ya kwanza kuna kazi: oili ya injini na filta, oili ya CVT kama hakuna ushahidi wa maandishi, oili za difu kwa ya 4WD, filta ya hewa na ya AC, maji ya rejeta ya aina sahihi, maji ya breki, na alaimenti ya tairi. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari unaloliacha ndani ya gari, na kwa Forester chomoa kile kijiti cha oili kila jumapili kwa mwezi wa kwanza mpaka ujue inakula kiasi gani.